Baji Shagufta na Utepe wa Waridi

Ukiuliza habari za Baji Shagufta, yaani Dada Shagufta, pale kijijini Noorpur, mtu atacheka kwanza ndipo akujibu. Si kwamba alikuwa mcheshi wa kupiga domo. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na ushei, miwani yake imefungwa upande mmoja kwa uzi wenye nta, na aliusimamia ukumbi wa wanawake wa kiwanda chetu cha mipira bila kupandisha sauti hata siku moja. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kumwona mtu anayejiamini kupita kiasi akamwacha apite salama.

Mimi nilikuwa dereva wa kiwanda. Kila asubuhi nilianzia ukumbi wa wanaume kule Kotli, nikapakia nyavu za mipira iliyoshonwa, nikapita Noorpur kuchukua ya wanawake, kisha nikaingia Sialkot mjini, hadi chumba cha mkaguzi. Mke wangu ni binamu yake Shagufta, kwa hiyo alikuwa na haki ya kuniita shemeji na haki ya kunitia matatani, na zote mbili alizitumia.

Mipira ile ilishonwa kwa mkono, vipande thelathini na viwili kila mmoja, kwa sindano mbili na kibanio cha mbao katikati ya magoti. Fundi mwepesi alimaliza minne kwa siku. Ya wanaume ilifungwa utepe wa kijani, ya wanawake utepe wa waridi. Nani aliamua hivyo sijui. Nadhani ni mtu aliyekuwa na tepe za rangi mbili.

Mkaguzi alikuwa Sharafat Bhatti. Mrefu, mwembamba, masharubu yamepakwa hina, miaka ishirini na miwili kwenye meza ileile. Aliuzungusha mpira kwenye bangili ya chuma ya kupimia, akaupima kwenye mizani, akaudundisha mara tatu, akaupapasa mshono kwa kidole gumba, kisha akaandika kwa chaki: moja au mbili. Moja ulikwenda ng'ambo. Mbili ulirudi kwa aliyeushona ukiwa na kikaratasi cha kosa, na malipo yake yakawa nusu. Bhatti hakuwa mtu mbaya, na hili nalisema mapema ili usije ukamchukia bure. Fundi akiugua alimpelekea matunda. Alikuwa na mabinti watatu, wote amewasomesha, na yule mdogo alikuwa chuoni anasomea kemia. Angekuambia hayo hata kama ungemuuliza ni saa ngapi.

Mwaka ule wanunuzi wa ng'ambo walimwandikia tajiri wetu, Tanvir Sahab, yaani Bwana Tanvir, kwamba wafanyakazi wote wafundishwe kuhusu upendeleo uliojificha kazini. Mwalimu akatoka Lahore, binti mmoja aitwaye Mehreen, amevaa viatu vyeupe visivyojua matope yetu. Akatukusanya uani.

"Fumbeni macho," akasema. "Mwazieni fundi bora kabisa wa kushona mpira. Mmemwona? Haya, fumbueni. Nani amemwona mwanamke?"

Hakuna mkono uliopanda. Wanawake sitini walikuwa wamekaa pale, vidole vyao vimejaa sugu za uzi, na hakuna aliyejiona.

"Baji, wewe umemwona nani?" Mehreen akamuuliza Shagufta.

"Marehemu baba yangu," akasema. "Naye alikuwa muuza maziwa."

Watu wakacheka, na yule binti naye akacheka. Lakini nilimwona Shagufta akivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mehreen akaeleza kwamba upendeleo wa namna hii si ubaya wa roho. Mtu anaweza kuwa mwema na mcha Mungu, na bado jicho lake likaamua kabla akili haijafika. Dawa yake ni kuhesabu badala ya kukisia, kuuliza badala ya kudhani, na kukificha kile kinacholidanganya jicho. Bhatti alikaa mbele kabisa, anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za jirani yake.

"Mwalimu," akasema mwishoni, "hayo ni kweli kwa watu wengi. Lakini mkaguzi hana upendeleo. Ana mizani."

Tulipewa vyeti sote. Vyetu vilienda nyumbani kufunikia mitungi. Cha Bhatti alikitia fremu, akakitundika chumbani mwake, juu ya pampu ya kujazia mipira upepo.

Mwezi haukwisha. Siku moja nilirudisha Noorpur wavu wa mipira iliyokataliwa. Ilikuwa kumi na tisa, kama kawaida ya wiki. Ya wanaume niliyoirudisha Kotli ilikuwa mitatu, kama kawaida pia. Shagufta alikuwa na desturi ya kuipitia mmoja mmoja na kumwita aliyeushona. Aliposhika wa saba akasita. Akaugeuza, akausogeza puani kabisa.

Lazima nieleze kitu hapa. Kufunga mshono wa mwisho ndiko kugumu kuliko kote, kwa sababu mkono hauingii tena ndani, na kila fundi ana namna yake ya kulizamisha lile fundo. Kwa anayejua, ni kama mwandiko wa mtu.

"Shemeji," akaniambia, "huu umeutoa wapi?"

"Kwenye wavu wako."

"Huu si wetu. Huu ni wa Karamat."

Karamat ndiye alikuwa fundi wa mafundi kule Kotli, mtu ambaye kabla ya kukusalimia alikueleza kwanza babu yake alimshonea nani mpira. Nikakumbuka. Siku mbili nyuma utepe mmoja ulidondoka ndani ya gari, nami nikafunga wowote uliokuja mkononi. Nikaungama. Shagufta akakifungua kikaratasi cha Bhatti na kusoma kwa sauti: "Mshono legevu. Mkono wa kike."

Alicheka mpaka chai ikamtokea puani, ikabidi wamgonge mgongoni. Alipomaliza kucheka akautazama utepe, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Shemeji, tepe zinafunguka kirahisi?"

"Baji, nina watoto wanne."

"Sikuulizi watoto. Nauliza tepe."

Hivyo ndivyo kwa wiki nzima gari la kiwanda lilivyosimama kila asubuhi kwenye kisima chenye mota ya kuvuta maji, nyuma ya miwa, mimi nikifungua kijani na kufunga waridi, nikifungua waridi na kufunga kijani, huku nikisoma dua zote ninazozijua. Ili mipira isipotee njia, Shagufta aliwaambia wanawake wake watie nukta ya hina kando ya tundu la upepo, ndogo kama kichwa cha sisimizi. Alijua hakuna mwanamume atakayeuliza habari za hina.

Jumamosi tukahesabu. Mipira yenye waridi, ambayo ilikuwa ya wanaume, ilikataliwa ishirini na mmoja. Yenye kijani, ambayo ilikuwa ya wanawake, minne.

"Basi," nikasema. "Tumeona. Turudishe tepe mahali pake na tumshukuru Mungu."

"Wiki moja ni bahati," akasema Shagufta. "Wiki mbili ni tabia."

Wiki ya pili ikawa kama ya kwanza, ila mimi nilipungua kilo mbili. Mwisho wake Shagufta akapanda garini na bakuli la halua ya karoti magotini, anakwenda mjini kumtembelea Bhatti Sahab.

Bhatti alifurahi sana. Alimvutia kiti na kukipangusa kwa leso yake mwenyewe.

"Nimekuja kujifunza," Shagufta akasema kwa upole ulionitoa jasho. "Wasichana wangu wanarudishiwa mipira kila wiki. Nionyeshe kosa, nikawafundishe."

Bhatti akachagua mpira wenye utepe wa waridi, akautazama kwa huruma ya daktari. "Unaona hapa? Pitisha kidole. Uzi umevutwa nusu, kisha ukaachwa. Sisemi kwa ubaya, Baji. Mkono wa mama una mambo mengi. Anashona huku anawaza chungu jikoni."

"Kumbe huwa unaona hata chungu?"

"Miaka ishirini na miwili," Bhatti akasema. "Naona hata dengu zinazochemka."

Shagufta akalitazama fundo la mwisho, akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Kaka Karamat si amekuja mjini leo kuchukua uzi? Tumwite naye ajifunze."

Nikatafuta pa kusimama karibu na mlango. Karamat akaja, kitambaa begani. Shagufta akampa ule mpira. "Kaka, hebu tusaidie. Huu mkono wa nani?"

Karamat akaugeuza mara moja tu. "Wangu. Nani kaufunga huu utepe wa harusi?"

"Una hakika?"

"Sijui mwandiko wangu? Fundo hili alinifundisha babu, na babu yangu alimshonea..."

"Bhatti Sahab anasema aliyeushona alikuwa anawaza chungu jikoni."

Halafu Karamat, ambaye maisha yake yote alikuwa akisema mipira ya wanawake inafaa kuchezewa na kuku, akawa na uchungu kuliko Shagufta angeweza kuwa nao miaka kumi. "Mimi? Chungu? Miguu yangu haijaingia jikoni tangu nioe. Mkaguzi gani wewe? Unakagua mpira au unakagua utepe?"

Kelele zikamtoa Tanvir Sahab ofisini. Shagufta akafungua daftari, akamwonyesha wiki mbili, na nukta za hina moja baada ya nyingine kwenye mipira yenye kijani iliyoandikwa moja kwa chaki. Tajiri akataka kujua nani alibadilisha tepe.

"Mimi," akasema Shagufta. "Yaqub alikuwa anakula miwa, hakuona kitu."

Ulikuwa uongo wa wazi, na kila mtu aliujua, maana Noorpur hadi mjini mwanamke mmoja hawezi kufungua nyavu kumi kwa siku nyuma ya mgongo wa dereva anayetafuna miwa. Tanvir Sahab hakushughulika nao. Alikuwa amekwama kwenye jambo jingine. "Kwa hiyo miaka yote hii," akasema polepole, "mipira mizuri nimeiuza kama mibaya, na mibaya nimeipeleka ng'ambo kama mizuri?"

Bhatti alikuwa amesimama karibu na pampu, chini ya cheti chake. Aliuchukua ule mpira wa Karamat, akaupapasa tena mshono kwa kidole gumba, taratibu, akauweka mezani. Kisha akachukua koti akaondoka. Halua ilibaki pale. Niliila mimi, kwa sababu ya ile hofu.

Siku tatu hakuja. Ya nne alikuja mapema kuliko mlinzi, akanisubiri nishushe nyavu.

"Yaqub," akasema, "mkono wangu haukukosea. Ule mpira wa Karamat ulikuwa na uzi legevu kweli. Nilichokosea ni ule wa kijani niliouandika moja. Ule nao ulikuwa na uzi legevu, na sikuupapasa. Unaelewa? Wa waridi nautafuta kosa mpaka nilipate. Wa kijani naudundisha, nausalimia, naupitisha."

Nikamwambia naelewa.

"Nilimweleza binti yangu, yule wa kemia. Nilidhani atanitetea. Akasema, 'Baba, mwalimu wetu wa maabara yuko hivyohivyo. Nilidhani ametoka familia tofauti na yetu.'" Akayavuta masharubu. "Sijala chakula cha jioni vizuri tangu siku hiyo."

Ni yeye mwenyewe aliyetaka tepe ziondolewe. Karani akampa kila fundi namba, na namba ikabandikwa kando ya tundu la upepo, ikafunikwa kwa plasta ya karatasi isiyobanduliwa mpaka chaki imeshaandika. Daftari la majina likafungiwa sandukuni. Wiki ya kwanza Bhatti alikuwa kama mtu aliyeibiwa fimbo. Aliushika mpira, akautazama huku na huku, akamtazama karani, karani akatazama dari. Kazi ya saa moja ikachukua tatu. "Bila ile rangi sijui nianzie wapi," aliniambia. "Nilikuwa nadhani nakagua mipira."

Mwezi ulipokwisha sanduku likafunguliwa. Kwa wastani, mipira ya wanawake iliyokataliwa kwa wiki ilikuwa minane, ya wanaume tisa. Noorpur walipika pilau. Shagufta alitembea wiki nzima kidevu juu, akawa anawasimulia hata wauza mboga. Wanasema nyani haoni kundule, na kwa wakati ule hakuna aliyekuwa anatazama upande huo isipokuwa mtu mmoja mwenye masharubu ya hina, aliyekuwa bado na orodha ya namba mfukoni.

Bhatti alikuja Noorpur mwenyewe, ndani ya gari langu, na kisanduku cha barfi, halua ya maziwa. Wanawake wakajifunika vizuri, wakamkaribisha. Akasema ameleta zawadi kwa fundi ambaye mpira wake haukurudi hata mmoja mwezi mzima, katika kumbi zote mbili. Namba arobaini na moja.

"Ghazala, simama," akasema Shagufta bila kusubiri. Ghazala alikuwa binti wa dada yake, amekaa pale mbele karibu na dirisha, mahali penye mwanga mzuri, anashona mipira ya mechi.

Ghazala akasimama, akamgeukia mama yake mdogo. "Khala, mimi ni ishirini na tatu."

Wakatazamana. Kutoka kule mlangoni, nyuma ya magunia ya vipande, mkono ukapanda. Alikuwa Rahila Masih, Mkristo wa ukoo wa wafagiaji. Mama yake alifagia shule ya kijiji, na bibi yake aliifagia kabla yake. Mwaka wa nne huo anashona pale, na kazi yake ilikuwa mipira ya mazoezi.

"Ni mimi," akasema.

Shagufta alipigwa na mshangao, lakini ulimi wake ulikuwa mwepesi. "Mashallah. Ila na tuseme ukweli, mipira ya mazoezi ni rahisi."

Bhatti alikuwa ameisubiri sentensi hiyo kama paka. "Ni rahisi?" akasema. "Baji, vipande vya mazoezi ni mabaki. Vigumu kama kisigino, na havilingani. Mimi mwenyewe nisingeweza kuvifunga. Ni rahisi kwa nani?"

"Nasema tu..."

"Na kwa nini amekaa mlangoni, hapo pasipo na mwanga?"

"Anapenda hewa."

"Ulimuuliza?"

Mtu mmoja akacheka kule nyuma, akajifanya anakohoa. Shagufta akafungua mdomo. Tangu nimjue, hiyo ndiyo mara ya kwanza niliona ukifunguka bila kutoa kitu.

"Sisemi kwa ubaya, Baji," akasema Bhatti kwa upole uleule wa siku ya halua, akampelekea Rahila barfi kwa mikono miwili.

Kesho yake nilipofika kupakia, nilimkuta Shagufta ameketi juu ya gunia, kule mlangoni, anazungumza na Rahila. Nilijishughulisha na nyavu zilizokuwa karibu. Ilikuwa Januari, ukungu umelala mpaka kizingitini.

"Niambie ukweli," Shagufta alikuwa anasema. "Unapenda hewa?"

"Baji," Rahila akajibu bila kuinua macho kwenye sindano, "nani anapenda hewa ya Januari?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Siku ya kwanza ulisema, 'We binti, kaa pale.' Nikakaa pale."

"Na kile kikombe chako? Kimetundikwa peke yake kwenye msumari. Nilidhani wewe ndiye ulitaka hivyo. Ulikileta mwenyewe."

"Nilikileta mwenyewe," Rahila akasema. "Siku ya kwanza nilipewa chai kwenye kopo la nta."

"Nani alikupa?"

Rahila akamtazama tu. Shagufta akavua miwani.

Aliniambia baadaye kwamba hakuikumbuka siku ile hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma. Bhatti angalau aliandika vikaratasi. Yeye alikuwa ameufanya ubaya wake bila hata kuupa heshima ya kukumbukwa.

Alianza na mahali pa kukaa. Akaandika namba za mikeka kwenye vipande vya ngozi, akavitia kwenye sufuria, na kila Jumatatu kila mtu akachota pake, mlangoni au dirishani, yeye msimamizi akiwemo. Ghazala alichota mlango wiki mbili mfululizo, akadai sufuria imerogwa. Mipira ya mechi nayo ikagawiwa kwa kufuata namba za ukaguzi, si kwa kufuata mama mdogo wa mtu ni nani.

Vikombe vilikuwa na shida zaidi, maana kwetu wengi hawanywi kikombe kimoja na watu wa ukoo wa wafagiaji. Shagufta aling'oa misumari yote, akaweka vikombe vyote kwenye kapu moja na kutangaza kwamba anayetaka chai achukue kinachomjia mkononi. Wanawake watano wakasema ghafla wameacha chai, daktari amewakataza. Walikaa siku kumi na moja bila chai, wanatazama mvuke wa wenzao. Shagufta alizidisha iliki tu. Siku ya kumi na mbili kulikuwa na baridi ya kupasua midomo. Mmoja akasogea kapuni, kisha wa pili. Wa tano alikuwa mama yake Ghazala, aliyekunywa vikombe viwili na kulalamika kwamba sukari haitoshi.

Neno ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Rahila alikuwa mkubwa kwa Shagufta kwa miaka miwili, na miaka yote minne alikuwa akiitwa "we binti". Shagufta alipolijua hilo alijaribu kumwita Baji, kama anavyoitwa mwanamke yeyote aliyekutangulia kuzaliwa. Mara ya kwanza likatoka "Ba..." likageuka kikohozi. Mara ya pili alilisema akiangalia ukuta. Siku ya tatu, mbele ya ukumbi mzima, akasema, "Baji Rahila, nipitishie nta."

Rahila aliendelea kushona.

"Baji Rahila."

"Ee?" akasema Rahila. "Leo masikio yamejaa ukungu. Umesema nani?"

Shagufta akalirudia mara ya tatu, kwa sauti ya kufika barabarani. Ndipo nta ikapita. Mimi nilikuwa mlangoni na nyavu zangu, na naapa Rahila alikuwa anatabasamu chini ya shali.

Usidhani mambo yalinyooka kama uzi. Bhatti alikamatwa tena mwaka uliofuata, akimpa kijana wa Kotli kazi ya kusoma mizani kwa sababu tu kijana yule alikuwa na miwani. Shagufta ndiye aliyemkamata. Naye Bhatti akamkamata Shagufta akimkatalia kazi mwanamke mmoja mnene kabla hajamwona akishona. Walikuwa wakiwindana kama maadui, na kila Alhamisi wakila halua pamoja. Yule mnene alikuja kuwa na fundo zuri kuliko la Karamat, ingawa Karamat hakuwahi kukubali mpaka alipoacha kazi.

Ukumbi wa tatu ulipofunguliwa kule Chak Miran, Rahila ndiye aliyepewa kuusimamia. Bhatti alistaafu baada ya binti yake kuanza kufundisha, akahamia kwake Lahore. Meza ya ukaguzi ikapewa Shagufta. Wapo wanaume waliosema kwamba mwanamke ataipendelea mipira ya wanawake, na yeye akawajibu kwamba huenda wakawa na haki, kwa hiyo plasta ya karatasi iongezwe iwe mbili.

Siku yake ya kwanza mezani, mume wa Ghazala alinipa kapu la mapera nimpelekee khala, na ujumbe kwamba namba yao sasa ni sabini na sita. Nikaufikisha kama nilivyoupokea. Shagufta alichagua pera lililoiva zaidi, akalitafuna taratibu, akanipa la pili. Tulipomaliza kapu akamwita karani, akamwambia abadilishe namba zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na asimwonyeshe mtu, hata yeye mkaguzi.